Inakufungulia mlango, halafu inakurudisha nje

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kunitumia meseji kuuliza kama nimeolewa... Hapana jamani, sijaolewa! Niko hapa hapa Mshangano, chumba kile kile, na mama mwenye nyumba yule yule anayezima redio saa tatu kamili usiku. Kilichonipoteza ni kilaptopu changu. Nataka niwasimulie yaliyonikuta kuanzia Ijumaa ile hadi Jumatatu asubuhi, kwa sababu mbili. Kwanza, kuna maneno yanazunguka darasani kwamba "Linux ya yule dada nusura itumalize", na mimi nataka ukweli ujulikane, hata kama kipande cha ukweli wenyewe kinaniumbua. Pili, wapo kama watatu niliowashawishi nao waweke, na siku moja yanaweza kuwakuta haya haya.

Kilaptopu chenyewe mnakijua. Ni kile chembamba cha kijivu nilichonunua mtumba mwaka wa kwanza bumu lilipotoka. RAM GB 2, hifadhi GB 32, basi. Kilikuja na Windows 10 na tangu siku ya kwanza kilikuwa kinahema kama mzee anayepanda Matogoro na gunia kichwani. Kila kikitaka kujisasisha kinasema hakina nafasi. Halafu Microsoft wakatangaza kwamba matunzo ya Windows 10 yanakoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka RAM isiyopungua GB 4 na hifadhi isiyopungua GB 64. Yaani mimi na kilaptopu changu tuliambiwa kistaarabu kwamba hatuna sifa. Pesa ya kununua kingine sina, na nyumbani siwezi kuwaambia wauze mahindi ya kula ili mimi nipate mashine mpya.

Ndipo nikaweka Debian. Na sikuweka ile ya mapambo. Niliweka mfumo mtupu kwanza, juu yake nikaongeza LXDE, eneo-kazi dogo lililoanzishwa mwaka 2006 na Hong Jen Yee wa Taiwan kwa ajili ya mashine dhaifu kama hiki changu. Wadau, kikageuka mtu mpya! Kinawaka kabla sijamaliza kufunga kanga. Nikawa natembea nacho kifua mbele, kila anayelalamika laptopu yake nzito namwambia njoo nikuwekee. Nikawa mhubiri. Na nikasahau kwamba huu si ugeni hapa kwetu: tangu mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walishatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili kitupu. Mwaka huo mimi nilikuwa bado nanyonya. Kwa hiyo ulimbukeni wangu wa kujiona mgunduzi haukuwa na msingi wowote.

Sasa tuje kwenye Ijumaa yenyewe.

Mnajua ile asaimenti ya kundi ya mbinu za utafiti. Kundi letu tuko sita. Tuligawa hojaji kwa walimu wa sekondari, tukazikusanya kwa miguu juani, tukaingiza majibu yote kwa mkono kwenye majedwali, usiku tatu mfululizo. Kazi yote ilikuwa kwenye kilaptopu changu kwa sababu mimi ndiye ninayechapa haraka. Na kati yetu sita, mmoja (simtaji, mwenyewe anajijua na ameniruhusu niandike) ana sapu mbili za muhula uliopita, na GPA yake imekaa pale pale ukingoni. Akianguka kozi hii anadisko. Hakuna mjadala, anarudi nyumbani. Baba yake ameshawaambia majirani kwamba mwakani kuna mwalimu mwenye digrii ukoo mzima. Kwa hiyo kazi ile kwangu ilikuwa alama, kwake ilikuwa tiketi ya kubaki chuo.

Tarehe ya kukusanya: Jumatatu saa mbili asubuhi.

Ijumaa jioni nikakaa kuandika sura ya mjadala. Mawazo yalikuwa yanatiririka, mnajua zile siku. Nikibonyeza kuhifadhi, LibreOffice ikatoa kijidirisha: imeshindikana kuandika faili. Nikabonyeza Sawa, nikaendelea. Baadaye kidogo tena, nikabonyeza Sawa. Mara ya tatu nilikasirika kabisa, nikasema hiki kidude kinanisumbua, nikabonyeza Sawa kama mtu anayefukuza inzi. Naomba mkumbuke hizo Sawa tatu, nitazirudia.

Kama saa nne usiku mvua ikashuka, radi ikapiga upande wa Matogoro, umeme ukakatika. Betri yangu ni ya kuomba Mungu, inakaa dakika ishirini. Nikasema namalizia aya moja tu... Kioo kikafa. Giza.

Nimekulia Songea hii, giza silishangai. Kabla ya mwaka 2018, mji huu ulikuwa unaishi kwa majenereta ya dizeli. Ile laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ndiyo iliyotuunganisha na gridi ya Taifa. Nikiwa mtoto tulifanya homuweki kwa kibatari, kwa hiyo nikalala zangu. Umeme ukarudi kama saa saba usiku, taa ikaniamsha, nikawasha mashine nimalizie.

Ikawaka vizuri. Ikaleta kile kiboksi cha jina na nywila. Nikaandika. Kioo kikawa cheusi sekunde moja, mbili... halafu kile kiboksi kikarudi. Kimya. Nikasema labda nimekosea herufi. Nikaandika tena polepole, kidole kimoja kimoja. Cheusi, halafu kiboksi. Mara ya tatu, ya nne, ya kumi. Ni kama unagonga mlango, mtu anakufungulia, anakutazama usoni, anakushika mabega, anakugeuza, anakutoa nje, anafunga. Bila neno!

Hapo akili ilitakiwa ifanye kazi, lakini saa saba usiku akili inakuwa imelala. Nikachukua simu, nikatafuta kwenye intaneti, nikakuta mtu mmoja anasema futa faili moja linaloitwa .Xauthority kisha tengeneza jipya. Sikusoma anaeleza tatizo gani, wala kwa nini. Nikaingia kwa mlango wa maandishi, nikafuta, nikatengeneza jipya kwa kutumia sudo, yaani kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo. Nikajaribu kuingia. Kiboksi. Nikajifunika shuka nikalia kidogo, nisiwadanganye.

Jumamosi asubuhi habari ilishafika kwenye kundi. Kila mtu daktari. "Umeme ndio umeunguza." "Ni kirusi." "Si tulisema mambo ya Linux ni ya wale wa IT?" Yule mwenzangu mwenye sapu hakuandika chochote. Alikuja tu, akasimama mlangoni, akasema, "Twende mjini kwa fundi, nitakusindikiza."

Tukashuka. Fundi ni kijana, mkarimu, kibanda kimejaa simu zilizopasuliwa. Akawasha, akaona kiboksi, akaona hakuna Windows, akacheka.

"Dada, hii nani kakuwekea?"

"Mimi mwenyewe, kaka."

"Basi dawa yake moja. Tunapiga Windows upya, elfu kumi na tano, saa moja unaondoka nayo."

"Na kazi zilizomo?"

"Zitaondoka. Tukitaka kuzifukua baadaye ni bei nyingine, na siahidi."

Wadau, nilikaa kwenye lile benchi nikafikiria kukubali. Msinihukumu. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na aibu, na kupiga Windows upya kungemaliza ile aibu. Ningewaambia wenzangu "fundi kasema imeharibika kabisa", na kosa lingekuwa la mashine. Nikamgeukia mwenzangu nimwambie kwamba labda tuandike upya kila kitu. Alikuwa anaangalia mikono yake. Akaniuliza swali moja tu, kwa sauti ndogo: "Kwani ikikurudisha nje, huwa inasema nywila umekosea?"

Nikanyamaza. Kwa sababu haikuwa inasema hivyo.

Ukikosea nywila, inakwambia wazi kwamba umekosea. Hii haikusema kitu. Maana yake nywila ilikuwa sahihi, mlango ulikuwa unafunguka kweli, na kitu kilikuwa kinaanguka ndani, baada ya mlango. Na kama ni ndani, basi diski haijaungua. Na kama diski haijaungua, kazi yetu ipo! Mtu ambaye hajui hata Openbox ni nini ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi mhubiri nilipaswa kujiuliza saa saba usiku.

Nikamshukuru fundi, nikamwachia buku ya soda kwa muda wake, tukapanda bodaboda mishikaki kurudi Mshangano kwa barabara ya Njombe, kilaptopu nimekikumbatia kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Sasa naomba nieleze kidogo, kwa lugha ya hosteli, nini hutokea ukishaandika nywila. Kuna mlinzi wa getini, kwangu anaitwa LightDM. Kazi yake ni kukuuliza jina na nywila. Akikukubali, anakuandikia kikaratasi cha ruhusa, ndicho hicho .Xauthority, na anakiweka chumbani kwako, yaani kwenye folda yako ya nyumbani. Kile kikaratasi ndicho kinachoruhusu programu zako kuchora kwenye kioo. Halafu anaamka msimamizi wa kikao, naye anawaamsha wengine: Openbox wa kushika madirisha, paneli ya chini yenye saa na menyu, na PCManFM wa kutandika picha ya nyuma. Mmoja wa mwanzo akishindwa kazi, kikao kinavunjika, na wewe unarudishwa getini. Mlinzi hana la kukueleza, kwake yeye wewe ni mtu uliyeingia ukatoka.

Mashine kubwa zina wasaidizi wengi wa kukuonya mapema. Eneo-kazi dogo kama langu limepunguza wafanyakazi ili liwe jepesi. Nilifurahia wepesi, sikuuliza waliopunguzwa walikuwa wanafanya kazi gani.

Tulipofika chumbani nikabonyeza Ctrl+Alt+F3. Kioo cheusi, maandishi meupe, jina, nywila... ikanipokea. Mwenzangu akashika mdomo. Nikamwambia, hatugusi ugonjwa kwanza, tunamtoa mgonjwa mali zake. Nikaingia kwenye folda ya kazi, nikaandika ls -l.

Faili la asaimenti lilikuwepo. Ukubwa wake: 0.

Sifuri. Jina lipo, ndani hamna kitu. Nilihisi baridi kuanzia unyayoni. Zile Sawa tatu zikanijia moja moja. Mashine ilikuwa inaniambia kwa adabu kabisa kwamba haiwezi kuandika, na mimi nilikuwa nakubali. Sura nzima ya mjadala ilikuwa inaelea hewani kwenye RAM, na RAM ikikosa umeme haikumbuki kitu.

Lakini kuna tabia yangu moja mbaya ambayo mnaicheka sana: kuhifadhi kila siku kwa jina jipya. Chini yake kulikuwa na faili linaitwa asaimenti_mwisho, lingine asaimenti_mwisho_kabisa, na lingine asaimenti_mwisho_kabisa2, la Alhamisi usiku. Hilo la Alhamisi lilikuwa zima. Majedwali yote ya hojaji yalikuwa mazima. Tulichopoteza ni kazi ya Ijumaa, kama kurasa nane.

Nikachomeka flashi. Nikaandika lsblk kuona imepewa jina gani, ikaonekana sda1. Nikaipachika: sudo mount /dev/sda1 /mnt. Nikanakili folda nzima, nikaichomoa rasmi kwa sudo umount /mnt, nikampa mwenzangu aiweke mfukoni. Hakuiweka mfukoni. Alikaa ameishika mkononi mpaka tunamaliza.

Ndipo nikauliza swali ambalo lingeokoa usiku wote: df -h. Jibu: mfumo umejaa asilimia 100. Nafasi iliyobaki, sifuri. Basi kumbe! Mlinzi ananikubali, anataka kuandika kikaratasi cha ruhusa, hana hata sehemu ya kukiandika. Na Ijumaa jioni nilikuwa naendelea kutumia mashine kwa sababu nilishaingia asubuhi, kikaratasi kilishaandikwa kabla hapajajaa. Umeme haukuua kitu. Umeme ulinitoa nje tu, na kurudi ndani ndiko kulikoshindikana. Mlango wa maandishi wenyewe ulinipokea kwa sababu hauhitaji kuandika kikaratasi kile. Na yale maagizo yangu ya sudo ya usiku yalipita kwa kuwa mfumo wa faili wa ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 kwa ajili ya mkuu wa mfumo peke yake, ili mambo yakijaa yeye aweze kuingia kusafisha.

Nani aliyejaza? Nikaandika du -h --max-depth=1 ~ | sort -h nione folda ipi nzito. Ndani ya .local kulikuwa na GB 11. Nikashuka ngazi moja, nyingine... Kapu la taka! Wadau, ile tamthilia ya Kikorea tuliyoangalia wote chumbani kwangu, misimu miwili. Nilishaifuta wiki mbili nyuma kwa kubonyeza Delete, nikaona imetoka machoni, nikajua imetoka. Kumbe ilihamia kapuni na kukaa pale na uzito wake wote. Nikalimwaga kapu, nikaongeza sudo apt clean kuondoa mabaki ya vifurushi. df -h: asilimia 61.

Nikarudi kwenye kioo cha kuingilia kwa Ctrl+Alt+F7, nikaandika nywila huku natabasamu.

Cheusi. Kiboksi.

Nisiwafiche, nilitamani kukirusha dirishani. Mwenzangu akasema, "Subiri. Umetatua la mashine, labda limebaki la kwako." Alisema kwa utani lakini alipiga pale pale. Nikarudi kwenye maandishi, safari hii nikasoma kumbukumbu anazoandika mlinzi mwenyewe, zipo /var/log/lightdm. Alikuwa ameandika wazi kwamba ameshindwa kuandika .Xauthority, na sababu safari hii ni kunyimwa ruhusa. Nikaandika ls -la. Faili zote za chumbani mwangu zina jina langu, isipokuwa moja: .Xauthority, mmiliki wake root. Nililitengeneza mimi kwa sudo saa saba ya usiku. Yaani nilikwenda kuweka kufuli la mkuu wa chuo kwenye mlango wa chumba changu, halafu nikashangaa ufunguo wangu haufungui.

sudo chown, jina langu, .Xauthority. Mstari mmoja. Nikarudi getini, nikaandika nywila. Cheusi... sekunde moja... mbili... halafu picha ya nyuma ikatandikwa, na paneli ikajipanga chini, na saa ikaonyesha saa kumi na mbili na robo jioni. Mwenzangu akapiga kigelegele, mama mwenye nyumba akaja kuuliza nani kachumbiwa. "Shikamoo mama, hakuna, ni kompyuta tu." "Marahaba wanangu. Kompyuta ndiyo ya kupigiwa kelele hivyo?" Baadaye akatuletea ugali na dagaa wa Nyasa, kwa hiyo nadhani alituelewa.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko kompyuta. Ilibidi kuwaambia wenzetu wanne kwamba kurasa nane hazipo. Usiku ule niliandika ujumbe wa kwanza: "Jamani, kukatika kwa umeme kumetupotezea sura ya mjadala." Nikaufuta. Ulikuwa unaaminika, na kila mtu angelaani umeme tukaendelea. Nikaandika mwingine: diski ilijaa, niliambiwa mara tatu kwamba kazi haihifadhiki, nikapuuza, kosa ni langu. Nikautuma, nikazima simu dakika tano.

Kiongozi wa kundi alikasirika, na alikuwa na haki. Mmoja alisema hataki tena kuona kazi yake kwenye mashine ya Linux. Nikamjibu kwamba diski ikijaa na onyo likipuuzwa, hata mashine nyingine kazi ingepotea, lakini sikubishana sana, si wakati wake. Jumapili baada ya ibada tukakutana wote sita, tukagawana zile kurasa. Na niwaambie jambo: mjadala ulioandikwa na watu sita Jumapili ni mzuri kuliko ule wangu wa Ijumaa. Ule wangu ulikuwa na maneno mengi matamu. Huu unajibu maswali ya utafiti. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi tulikabidhi, na yule mwenzetu ndiye aliyeweka kazi mezani kwa mkono wake. Alama bado hazijatoka. Tunasubiri.

Lakini kuna kitu kimenikaa moyoni ndiyo maana nimeandika. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa na mtoto wa kidato cha pili, kimya, wa benchi la nyuma. Wiki mbili mfululizo alikuwa hanakili chochote ubaoni. Mara ya kwanza nikamwambia andika. Mara ya pili nikamtoa nje. Mara ya tatu nikamtoa nje tena, bila swali, nikaendelea na somo. Mwalimu wa darasa ndiye aliyekuja kuniambia: daftari la yule mtoto lilikuwa limejaa tangu mwanzo wa mwezi, na anaogopa kuomba hela ya lingine nyumbani.

Daftari limejaa! Mtoto anaingia darasani kila siku, hana pa kuandika, na mimi namrudisha nje kimya kimya kama LightDM. Nilimnunulia daftari, nikaona nimemaliza. Sikuwahi kumwomba radhi. Jumamosi ile nikiwa nimekaa mbele ya kiboksi nilielewa alichokuwa anahisi pale nje ya mlango: kurudishwa, bila kuambiwa kwa nini, huku sababu ipo mahali fulani ukiisoma unaiona.

Haya, kwa wale watatu niliowawekea, na wengine wote, nawaachia haya:

1. Ikisema nywila imekosewa, ni nywila. Ikikurudisha bila kusema kitu, tatizo liko ndani. Ikikuingiza ukaona kioo cheusi chenye mshale tu, umeingia, ila paneli au picha ya nyuma haijaamka.

2. Ctrl+Alt+F3 kabla ya kumwona fundi. Toa kazi zako kwenye flashi kwanza, tiba baadaye.

3. df -h ni swali la kwanza. Na kapu la taka halijimwagi lenyewe.

4. Usitumie sudo ndani ya folda yako mwenyewe bila sababu unayoweza kuieleza kwa sauti.

5. Usibonyeze Sawa kabla hujasoma unakubali nini.

Mimi nimeshaweka kazi ya kundi kwenye flashi mbili, moja kwangu, moja kwa yule mwenzangu. Ile ya kwake anaivaa shingoni kwa kamba, anasema ni hirizi. Wiki ijayo napita ile shule niliyofanyia mazoezi. Nina daftari mbili kwenye begi na maneno machache ya kumwambia mtoto mmoja wa kidato cha tatu sasa.

Alamsiki wapendwa. Mvua imeanza tena huku Mshangano, na betri yangu mnaijua.